Mtoto wa miaka 4 anaelewa kweli kwamba mama yake hayuko sawa na wazazi wanagombana? Naombeni ushauri

baba_wa_viazi (Uyole)

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Naandika huku kwa sababu Uyole ukimwambia mtu jambo la ndani asubuhi, jioni unaulizwa na konda wa daladala. Naomba mnielewe kabla ya kunirukia.

Nina watoto wawili, binti wa miaka 4 na kachanga ka kiume kana miezi 7. Tangu huyu wa pili azaliwe mke wangu hayuko sawa. Mwanzo tulisema ni uchovu wa uzazi, mama yangu akaja kutoka Rungwe akakaa naye, akaondoka, hali ikabaki ile ile. Usiku anageuka geuka tu halali, mchana anakaa kwenye kochi anaangalia ukuta mtoto analia pembeni, anamnyonyesha ndio lakini hamuongeleshi, ukimuuliza unaumwa wapi anasema siumwi popote niacheni. Wa kwanza hakuwa hivi, yule alikuwa anamuimbia hadi majirani wanacheka.

Na mimi nanunua viazi mashambani napeleka Dar, mwaka huu bei imetuchapa, kwa hiyo nikirudi nimechoka nakuta nyumba iko hivyo tunaanza kurushiana maneno. Sijawahi kumpiga, hilo niliseme. Ila sauti zinapanda, na zikishuka ni kununiana, siku na siku salamu zinapitia kwa mtoto, "mwambie baba yako chakula kiko mezani".

Sasa kilichonileta ni huyu binti. Alikuwa mtundu wa kupanda madirisha. Sasa hivi katulia mno, mwalimu wake wa chekechea anamsifia. Nyumbani anamfuta mama yake machozi, anamwambia mama usilie nitambembeleza mimi mtoto. Nikipandisha sauti hata kama naongea na dereva kwenye simu, ananiletea maji ya kunywa bila kutumwa. Kukojoa kitandani alishaacha kitambo, kumeanza upya. Halafu juzi nikamsikia anakaambia kamdoli kake "shhh kaa kimya, baba amekuja".

Mama yangu anasema mtoto mdogo hajui kitu, huyo amekua tu, tushukuru Mungu. Jamaa yangu mmoja anasema mke karogwa. Mimi nauliza, haya mambo yanawaingia kweli, huyu wa miaka 4 na hata kale kachanga? Na kama yanawaingia nianzie wapi, kwa mke, kwa mtoto au kwa ugomvi wetu?

mchizi_wa_mafiati

Mkuu acha uzungu bwana. Sisi wazee wetu Jumamosi wakitoka kilabuni ilikuwa vita, sufuria zinaruka, na tumekua tuko freshi tu, shule tumesoma na ndoa tunazo. Mtoto wa miaka 4 kesho keshasahau. Binti kakuletea maji unalalamika, ungepata wa kukutukana je? Mtafutie mama yake dada wa kazi apumzike, viazi vikipanda bei mtapatana wenyewe.

binti_tukuyu

"Tuko freshi." Haya.

Nyumbani kwetu hakuna sufuria iliyoruka hata siku moja, baba na mama walikuwa hawaongei basi. Mimi nilikuwa najua kwa mlio wa geti leo baba kaingiaje, nilikuwa najua hatua zake za koridoni, na nikisikia mama amebamiza kabati namchukua mdogo wangu tunaenda kukaa kule kwenye migomba mpaka giza, na mvua ya Tukuyu mnaijua wenyewe. Darasani nilikuwa wa kwanza. Majirani wanamwambia mama hongera, una mtoto hakusumbui. Leo nina mume na watoto, na mume wangu akinyamaza tu kwa sababu anaangalia mpira, mimi moyo unaenda mbio namfuata kumuuliza nimekosa nini. Yeye masikini hata hajui naongelea nini.

Kwa hiyo baba viazi, hiyo ya maji mimi imenikaa vibaya. Huyo mtoto hakuletei maji kwa sababu una kiu.

nesi_mama_na_mtoto

Pole baba. Niko kliniki ya mama na mtoto muda mrefu, naomba niongelee mama kwanza, ya watoto watasema wengine.

Mwanamke akijifungua, siku ya tatu ya nne anaweza kulialia hovyo, kukasirika, kuchoka. Hiyo ni kawaida kabisa na ndani ya wiki mbili hivi inaisha yenyewe. Ikizidi hapo, halali hata mtoto akiwa amelala, hafurahii chochote, hana hamu ya mtoto, anajiona hafai, hapo tunazungumzia sonona baada ya kujifungua na huo ni ugonjwa kama presha ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua wanapata tatizo la afya ya akili, na kubwa ni hii sonona. Kwa hiyo kwenye benchi la kliniki siku ya kupima uzito wakikaa akina mama kumi, wawili wanaweza kuwa nayo, na wote wamevaa vizuri na kumfunga mtoto mgongoni na wanakuitikia "sijambo nesi".

Hajarogwa, na si mvivu. Inachangiwa na mambo mengi, mabadiliko ya mwili baada ya uzazi, kukosa usingizi, kama aliwahi kuugua hivyo zamani, hela kubana, kukosa mtu wa kumsaidia, na ugomvi na mume. Soma tena hilo la mwisho. Ugomvi unaleta sonona na sonona inaleta ugomvi, ndio maana swali lako la nianzie wapi halina jibu la kuchagua kimoja.

Mpeleke. Kuna maswali 10 yalitungwa Uskoti mwaka 1987, yanauliza alivyojisikia siku 7 zilizopita, anajibu ndani ya dakika chache na yanasaidia kujua kama kuna haja ya kumuona daktari. Anzia hapo hapo mnapompeleka kachanga kliniki, mwambie nesi pembeni, sio mbele ya foleni. Mkipewa rufaa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wana watu wa afya ya akili, na kwenda kwao haina maana mkeo ni kichaa, naomba hata usitumie hilo neno nyumbani.

Na hili usilisubirishe: akisema bora nife, au anaogopa atamdhuru mtoto, au amekaa siku kadhaa bila usingizi kabisa na anaongea vitu havieleweki, anasikia sauti, hiyo ni siku hiyo hiyo hospitali hata kama ni saa nane usiku, na usimwache peke yake na mtoto.

neema_ya_mbalizi

Ndugu yangu usiache maombi. Mkabidhi Mungu mkeo na hao watoto. Mchungaji wetu hapa alituambia wazi kwamba kuombewa na kwenda hospitali havigombani, nendeni kote. Kinachoua ndoa ni kila mtu kubaki na lake moyoni.

mwl_kihesa

Kamwene wote. Mimi ni mwalimu wa awali Iringa na nimesomea mambo ya malezi, ntaandika ndefu mnisamehe, nashika simu huku watoto wamelala mchana.

Naanza na kachanga maana ndiye kila mtu anasema hajui kitu. Miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Edward Tronick, alifanya jaribio dogo tu. Mama anakaa na mtoto wake wa miezi michache wanacheza kama kawaida, mtoto anaguna mama anajibu, mtoto anacheka mama anacheka. Halafu mama anaambiwa akaushe uso, asicheke, asijibu, amtazame tu, kwa dakika kama mbili. Mtoto anashtuka hapo hapo. Kwanza anatabasamu ili kumrudisha mama, ananyoosha mikono, anapiga kelele kidogo, vyote vya kumuita, ikishindikana analia, mwisho anageuza uso pembeni na kunywea. Hizo ni dakika mbili na mama mzima wa afya anayeigiza. Sasa baba viazi umesema mke wako anaangalia ukuta. Si kosa lake, sonona inakausha uso wa mtu bila yeye kutaka, lakini mtoto wa miezi 7 hana namna ya kujua huo ni ugonjwa. Yeye anajifunza tu kwamba nikiita haitikiwi. Akizoea, anapunguza kuita. Ndio unakuta mtoto "mpole" hasumbui, halii sana, haangalii watu usoni, na watu wanasifu.

Lakini usiogope kupita kiasi. Huyo huyo Tronick alikuja kuonyesha kwamba hata mama na mtoto walio sawa kabisa hawaelewani muda wote, sehemu kubwa ya muda wanapishana, mtoto anataka kucheza mama anafikiria mboga. Kinachomjenga mtoto ni kwamba wanapishana halafu wanarudiana, kutwa nzima hivyo hivyo. Na anayemrudia si lazima awe mama. Wewe upo. Jioni ukirudi kamshike kachanga, kaangalie machoni, kakiguna na wewe guna, robo saa tu simu iko mbali. Tafiti nyingi zimeona mtoto ambaye mama ana sonona ila ana mtu mzima mwingine aliyetulia karibu, baba, bibi, shangazi, anaathirika kidogo kuliko asiye na mtu. Kwa hiyo bibi wa Rungwe akiweza kurudi, arudi, ila asije kusema mtoto hajui kitu.

Sasa binti. Huyu ndiye aliyenifanya niandike.

Mtoto wa umri wake bado anaona dunia inamzunguka yeye. Mvua ikinyesha ni kwa sababu alikataa kuoga. Mama akilia, ni kwa sababu mimi nimefanya kitu, au nimeacha kufanya kitu. Hawezi kuwaza habari za bei ya viazi wala homoni za uzazi. Na kama kosa ni langu basi na dawa ni mimi, ntakuwa mzuri zaidi, ntambembeleza mdogo wangu, ntaleta maji. Mwaka 1994 Patrick Davies na Mark Cummings waliandika kwamba mtoto akiona wazazi wanagombana anachouliza ndani yake ni kimoja, je, hii nyumba itabaki imesimama? Asipopata jibu anaanza kazi ya kuishikilia mwenyewe. Wengine wanapiga wenzao shuleni, na hao tunawaona haraka maana wanasumbua. Wengine wanajificha. Wengine wanaingilia kati, anaumwa tumbo ghafla baba na mama wakianza, na ugomvi unaishia kumhangaikia yeye, kwa hiyo tumbo linauma tena wiki ijayo, na linauma kweli haigizi. Na wengine wanakuwa wema kama binti yako. Hao kina mwema ndio wanaotupita sisi walimu, darasa la watoto sitini nani atamfuatilia anayekaa kimya na kupanga viti? Mwalimu wake anamsifia kwa nia njema, namuelewa kabisa.

Mkojo ni hofu, usimchape wala usimuaibishe, tandika nailoni mwambie itaisha. (Ikiendelea sana, au anakojoa kila saa hata mchana, au anakunywa maji kupita kawaida, apimwe, isije ikawa ni maradhi mengine tukasema ni mawazo.)

Nini ufanye kwake. Mwambie kwa maneno, maana watoto tunawaachia wabuni wenyewe na wanachobuni ni kibaya kuliko ukweli. Kaa naye chini mwambie: mama anaumwa, ni ugonjwa unaomfanya awe na huzuni na achoke, hukuuleta wewe, na si wewe utakayeuponya, mimi na daktari ndio kazi yetu. Utarudia mara nyingi, hatakuamini siku ya kwanza. Siku ukiletewa maji usiyoomba, pokea, mwambie asante, halafu mwambie baba hajakukasirikia, nenda kacheze. Na mruhusu awe mtundu. Akipanda dirisha tena mshushe, ila ndani ya moyo wako shangilia.

Na ile ya "mwambie baba yako chakula kiko mezani" iishe leo.

baba_wa_viazi

Mwalimu nimesoma mara mbili mbili. Nesi shikamoo na wewe nimekusoma. Binti Tukuyu umenimaliza dada yangu.

Sasa nauliza kiutendaji, kugombana watu wawili walioishi pamoja hakuwezi kuisha. Kwa hiyo suluhisho ni tusubiri watoto walale ndio tuongee yetu? Au tutoke nje?

mchizi_wa_mafiati

Ndio nilichokuwa nasema, mkigombania chumbani mlango umefungwa mtoto atajuaje

mwl_kihesa

Nyumba zetu hizi za dari la mbao, mlango unafunga nini kaka?

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichukua vichanga vya miezi 6 hadi 12, wakasubiri wamelala usingizi kabisa, wakawaweka kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha sauti ya mtu akiongea kwa furaha, kawaida na kwa hasira. Ubongo wa mtoto aliyelala uliipokea sauti ya hasira tofauti na nyingine. Na watoto wanaotoka kwenye nyumba zenye ugomvi zaidi walishtuka zaidi, kwenye zile sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na kujituliza. Wamelala. Kwa hiyo mambo ya "hata hivyo amelala" tuyaache.

Ila jibu langu sio msigombane. Huyo Cummings nimemtaja, kazi yake ya miaka mingi ni hii, watoto wanaonyeshwa watu wazima wakibishana, wengine wanamaliza kwa kuelewana, wengine wanaishia kununa, wengine haimaliziki. Walioona ugomvi ukiisha vizuri hawakutaabika hata karibu na wale wengine, wengine ilikuwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kununiana, watoto wanakusoma vile vile kama kelele, usidhani ukimya ni adabu. Halafu kuna kitu kizuri ambacho wazazi wengi hawakijui, hata kama mlipatana chumbani bila yeye kuona, kumwambia tu kesho yake "jana mimi na mama tulikasirikiana, tumeongea, yameisha" kunamtuliza. Shida yetu tunagombana sebuleni kwa sauti halafu tunapatana usiku kimya kimya chini ya blanketi, mtoto anapata sehemu ya kwanza ya stori tu na ya pili hapewi.

Kwa hiyo mkibishana kuhusu hela ya gunia mbele yake mkaishia kucheka au hata kusema haya tutaona kesho, huyo amejifunza kitu cha maana kuliko nyumba isiyo na neno. Kinachoharibu ni matusi, kutishia kuondoka, kupigana, kumtaja mtoto ndani ya ugomvi ("si wewe na mwanao") na kununa. Yanayohusu watoto wenyewe, nani hawajali nani kawadekeza, hayo ndiyo yanawauma zaidi, hayo pelekeni mbali na masikio yao kabisa.

binti_tukuyu

Mwalimu ungekuja kwetu mwaka 1998.

Na kwa wanaosoma kimya kimya ambao kwao kuna kipigo: hapo haya ya kupatana mbele ya mtoto siyo ya kuanzia, anza na usalama. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, kuna afisa ustawi wa jamii halmashauri, na namba 116 ya kusaidia watoto ni bure kupiga.

mnyalukolo_mafinga

Mimi nina la baba viazi mwenyewe, ndugu yangu usinune.

Umeandika habari za mkeo, za binti, za kachanga, hadi za mama yako. Za kwako umeandika bei imetuchapa na nimechoka, basi. Unalala wewe? Unakula? Unatoka na mkaa wa hasira tangu Makambako unakuja kuuwasha Uyole? Nauliza kwa sababu mwaka 2010 ilitoka tathmini ya tafiti nyingi kwenye jarida la madaktari wa Marekani ikaonyesha kina baba karibu 10 kwa 100 nao wanapata sonona kipindi cha ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto, na mke akiwa nayo uwezekano wa mume unapanda. Kwetu wanaume haiji na machozi. Inakuja na hasira za ghafla, safari zisizoisha, kukaa gereji hadi saa nne usiku wakati gari limeshapona, bia, kuona nyumbani kila kitu kimekosewa. Nimeendesha maroli ya mbao miaka mingi hapa Mufindi, wenzangu wote dereva mwenye mawazo wanasema "ana stresi" wanamnunulia moja baridi.

Watoto wako wanahitaji mmoja wenu awe amesimama. Kwa sasa mke hawezi. Kama na wewe umelala chini ndani ya hilo shati la kazi, nani amebaki? Ukimpeleka kliniki, na wewe jieleze huko huko, usikae nje kwenye benchi unashika pochi.

shangazi_makambako

Mimi nasema mrudishe kwao akapumzike miezi kadhaa, watoto wabaki kwa bibi yao Rungwe. Zamani tulikuwa tunafanya hivyo na mambo yanapoa.

nesi_mama_na_mtoto

Shangazi shikamoo, nakuheshimu ila hapana. Zamani mzazi alikuwa anaenda kwao na kachanga chake, anaogeshwa, analishwa, anashikiwa mtoto, na hilo lilikuwa jambo jema sana, likiwezekana alipate hata sasa. Ila kumtoa kwa mtoto anayenyonya na kumwacha binti abaki anajiuliza mama kaenda wapi, na kwa akili ya miaka 4 atajibu "nilimchosha", hapo tumeongeza. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia mtoto chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, labda kuwe na sababu. Akienda kwao aende nao, na mume awafuate kila anapoweza.

Na mwalimu, niongezee hapo kwa watoto. Mwaka 2006 Myrna Weissman na wenzake Marekani walifuatilia kina mama waliokuwa wanatibiwa sonona wakaangalia watoto wao wa miaka 7 hadi 17. Ndani ya miezi mitatu tu, watoto wa kina mama waliopona walipungukiwa matatizo yao wenyewe, na kwenye utafiti huo aliyekuwa anatibiwa ni mama, si watoto. Ambao mama hakupona, watoto ndio kama wanazidi. Hao ni wakubwa kuliko huyu binti, lakini ndio maana mimi naanzaga na mama.

baba_wa_viazi

Nimerudi kutoa mrejesho kidogo. Mnyalukolo sijanuna, nilizima simu tu nikaenda kuosha gari. Haya. Silali.

Nilimwambia mke bila kupandisha, nikasema nimesikia kuna ugonjwa unawapata waliojifungua na hauna uhusiano na kupenda mtoto au kutompenda. Alikaa kimya muda mrefu nikajua nimeharibu, akaniuliza nani kakwambia. Nikamwambia watu wa huko Iringa na nesi. Akalia, lakini sio kile kilio chake cha siku zote. Amesema alifikiri anaenda wazimu na kwamba nikijua ntamuoa mwingine. Mimi hilo lilikuwa halijawahi kunipita hata kichwani. Amekubali kliniki wiki hii, na nimemwambia na mimi ntaulizwa hayo maswali kumi.

Binti nimemwambia kama mwalimu alivyoelekeza. Akaniuliza "na mdogo wangu naye anaumwa?" nikasema hapana, akasema "kwa hiyo nisimbembeleze?" Nikashindwa jibu.

Halafu mke anaogopa atapewa dawa kali za kumlaza na ataambiwa aache kunyonyesha. Nesi hilo likoje?

mwl_kihesa

Mwambie anaweza kumbembeleza akipenda, akichoka aende kucheza na baba atambeba. Kazi ni yako, yeye ni msaidizi wa hiari.

nesi_mama_na_mtoto



Kwanza si kila mtu anapewa dawa. Ikiwa si kali sana wanaanza na mazungumzo, anakutana na mtaalamu mara kwa mara, anapangiwa vitu vidogo vya kufanya, kupumzika, watu wa kumsaidia nyumbani. Pakistani walishawahi kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini, sio madaktari, kuwatembelea kina mama majumbani na kuongea nao kwa utaratibu maalum, matokeo yalichapishwa 2008, na sonona ilipungua sana ukilinganisha na ambao hawakupata. Kwa hiyo kuongea nako ni tiba, watu wanadharau.

Ikibidi dawa, zipo ambazo anayenyonyesha anatumia, mfano sertraline inapita kidogo sana kwenye maziwa na ndiyo mara nyingi madaktari wanaichagua kwa mama anayenyonyesha. Muhimu aseme wazi "nanyonyesha" na mtoto ana miezi mingapi na kama kuna dawa nyingine anatumia, hata za kienyeji, asizifiche. Asinunue duka la dawa kwa kuambiwa na jirani. Hizi dawa hazifanyi kazi siku hiyo hiyo, zinachukua wiki kadhaa, wengi wanaacha wiki ya kwanza wanasema hazinisaidii, na akipata nafuu asiziache ghafla mwenyewe bila daktari. Wiki hizo za kusubiri ndio za wewe kuamka usiku, yeye akishanyonyesha mtoto unamchukua wewe unamcheulisha na kumlaza, mama apate masaa matano ya kufululiza.

Jumatatu kliniki nyingi zinajaa, mje katikati ya wiki na mapema, na binti kama hayuko shule mje naye, kuna mizani atapenda kuipanda.

mchizi_wa_mafiati

Nesi hayo maswali kumi yapo kwa Kiswahili? Nauliza tu.

nesi_mama_na_mtoto

Yapo. Njoo na mama watoto, au njoo mwenyewe.